Kwenda Kigali na Watoto Wadogo

Kwa familia za Bukavu, mji mkuu ulio karibu zaidi si wa nchi yao. Kinshasa iko kilomita 1,500 hivi kwa ndege, na hakuna barabara ya kutegemewa inayofika huko kutoka Kivu Kusini. Kigali iko kilomita 150 hivi kwa ndege na 230 hivi kwa barabara. Basi linaloondoka Kamembe, ng'ambo ya mpaka, asubuhi humfikisha abiria mchana wa siku hiyohiyo. Watu wa Bukavu huenda huko kutibiwa, kununua bidhaa, kupanda ndege za kimataifa, kuhudhuria harusi za jamaa na kupumzika, na mara nyingi watoto huenda nao.

Zamani Bujumbura ilishindana na Kigali kwa sababu ya joto lake na ufuko wa mchanga wa Ziwa Tanganyika. Njia iliyopendwa ilikatiza Rwanda kupitia Bugarama, lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari 2024. Njia ya upande wa Kongo, inayoshuka Kamanyola na kufuata bonde la Ruzizi hadi Uvira, imekumbwa na mapigano. Kigali ndiyo iliyobaki kuwa mji mkubwa wa kigeni unaofikika bila mzunguko mkubwa.

Mwili wa mtoto wa Bukavu hauna kazi kubwa ya kuuzoea mji huo. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kigali ni juu kidogo tu ya hapo, kwa hiyo usiku wa miji yote miwili unahitaji blanketi na mchana wake hauunguzi. Saa ni ileile, kwa kuwa mashariki ya Kongo iko saa moja mbele ya Kinshasa. Magari hupita kulia pande zote mbili, na chakula kinafanana. Kinachobadilika ni taratibu: karatasi za mpakani, mifuko inayoruhusiwa, namna ya kupanda moto (pikipiki ya abiria), siku ambazo mji husimama. Mzazi aliyezijua taratibu hizo kabla ya kuondoka huwa amemaliza sehemu kubwa ya maandalizi.

Wakati wa kusafiri

Likizo kubwa ya shule za Kongo, Julai na Agosti, huangukia kiangazi, na huo ndio wakati mzuri zaidi. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba huleta ukungu na maporomoko ya udongo katika barabara za milimani. Kasoro ya kiangazi ni vumbi, linalosumbua watoto wenye pumu au kikohozi cha mara kwa mara.

Zipo tarehe za kuepuka kwa familia inayotafuta burudani. Kuanzia tarehe 7 Aprili Rwanda huwa na juma la kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Katika siku hizo muziki na michezo husimamishwa, na mji huwa kimya. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka mengi hufungwa na magari huwa machache barabarani. Familia isipange kuanza safari wakati huo. Jumapili za siku bila magari, utaratibu ulioanza Kigali mwaka 2016, ni neema kwa watoto: kwa saa chache za asubuhi barabara kadhaa kubwa huachiwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Karatasi na chanjo

Raia wa Kongo huingia Rwanda kwa pasipoti au kwa hati za kusafiria za ukanda huu, kama ile ya CEPGL, jumuiya iliyoundwa mwaka 1976 huko Gisenyi na Burundi, Rwanda na Zaire. Jetoni, karatasi ya kuvukia ambayo wakazi wa mpakani wamezoea, ni ya kwenda sokoni Kamembe na kurudi. Haimpeleki mtu Kigali. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haukuondoa ukaguzi. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa kundi la wapiganaji wa AFC/M23 mwezi Februari 2025, masharti na saa za mpaka ni vitu vya kuulizia katika juma lenyewe la safari, kwa mtu aliyevuka karibuni.

Karatasi ya kwanza ya mtoto ni akti ya kuzaliwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inawapa wazazi wa Kongo siku 90 za kumwandikisha mtoto. Muda huo ukipita, njia inakuwa ya mahakama na inachukua muda mrefu. Familia nyingi hugundua upungufu huo siku zinapokuwa zimebaki chache. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, shangazi au bibi abebewe barua ya ruhusa ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na ofisi ya serikali, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo. Maofisa wa uhamiaji wa pande zote mbili huogopa wizi wa watoto, na mtoto ambaye jina lake la ukoo halifanani na la anayemsindikiza ataulizwa maswali. Ni vizuri mtoto wa miaka minne au mitano afundishwe kutaja jina lake lote na la mama yake.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri wa miezi tisa. Kuandikwa katika kitabu cha kliniki hakutoshi. Msafiri anahitaji kadi ya manjano ya kimataifa. Kadi hiyo huanza kukubalika siku kumi baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Watoto wanaoishi Kivu Kusini wamepitia pia kipindi cha mpox, ugonjwa uliosambaa kutoka Kamituga kuanzia 2023 hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa Agosti 2024. Mtoto mwenye homa au vipele asivushwe: atazuiwa mpakani, na hata asipozuiwa atateseka njiani.

Kuvuka Ruzizi

Ruzizi ni mto unaotoa maji ya Ziwa Kivu kuyapeleka Tanganyika, na ndio mpaka. Familia za katikati ya mji hupitia Ruzizi ya kwanza, karibu na mahali mto unapoanzia ziwani. Ng'ambo ya daraja ni Cyangugu, na kilomita chache juu ya kilima ni Kamembe. Kwa mtoto mdogo sehemu ngumu ni kusimama. Foleni ya asubuhi hujaa wachuuzi wenye mizigo kichwani, na mtoto aliye chini haoni chochote isipokuwa miguu ya watu. Anayeweza kubebwa mgongoni kwa kikwembe abebwe. Wanaotembea washikwe mkono, mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, na karatasi zote ziwe katika mfuko mmoja unaobebwa na mtu mmoja.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na plastiki nyingine za kutumika mara moja zikafuata mwaka 2019. Begi la mtoto ndilo linaloathirika zaidi, maana mama wa Bukavu amezoea kufunga nepi chafu, mkate, maandazi na nguo zilizolowa katika sachet. Vitu hivyo vihamishiwe katika vibakuli vyenye mfuniko, mifuko ya kitambaa na karatasi. Nepi za dukani huvuka bila shida ndani ya begi.

Fedha zibadilishwe kiasi kidogo tu kwanza, za nauli na chakula cha njiani. Benki za Bukavu zilifunga milango Februari 2025, kwa hiyo wengi husafiri na dola taslimu. Noti za dola zilizochakaa au zilizochanika, hata kidogo, hukataliwa au hubadilishwa kwa bei ya chini. Sokoni na garini Kigali bei ni za faranga za Rwanda.

Barabara ya Nyungwe

Basi la Kamembe hadi Kigali huchukua saa tano hadi sita na zaidi. Urefu wa njia hautoshi kueleza muda huo. Mabasi ya abiria nchini Rwanda yamefungiwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi kilomita 60 kwa saa. Mzazi anayepiga hesabu kwa kilomita peke yake atamwahidi mtoto kufika mapema mno.

Baada ya Kamembe barabara hupita katika mashamba ya chai na kuingia msitu wa Nyungwe, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Msitu huo una aina 13 za nyani, kima na sokwe, na baadhi ya kima hukaa kando ya lami wakitazama magari. Mgongo wa milima yake hugawa maji: ya magharibi huelekea mto Kongo, ya mashariki huelekea Nile. Mjerumani Richard Kandt, aliyekuwa na makao karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, alifuata mto Rukarara ndani ya msitu huo mwaka 1898 akitafuta chanzo cha Nile. Mtoto wa miaka saba anaweza kuelewa jambo hilo akionyeshwa kijito cha upande mmoja, kisha cha upande wa pili.

Kona za Nyungwe hutapisha. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuugua kichefuchefu cha safari. Walio kati ya miaka mitatu na kumi na miwili ndio wanaougua zaidi. Mkate mkavu au ndizi moja kabla ya kuondoka humfaa mtoto kuliko tumbo tupu na kuliko chai ya maziwa. Kiti cha mbele, dirisha lililofunguliwa kidogo na macho yanayotazama mbali husaidia, na simu yenye video hudhuru. Dawa za kichefuchefu ziulizwe kwa mfamasia, kwa kuwa baadhi, kama promethazine, hazipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Sweta iwe karibu na mkono, maana sehemu za juu za msitu zina baridi hata Julai.

Ndani ya msitu hakuna vituo vingi. Mzazi akubaliane na dereva kabla ya kuondoka mahali basi litakaposimama, na mtoto aende msalani Kamembe hata kama anasema hahitaji. Kwa kawaida anayepakatwa halipiwi, na anayekalia kiti hulipiwa nauli kamili. Kwa saa sita, mtoto wa miaka mitatu alipiwe kiti.

Wenye gari la kukodi wanaweza kuigawa safari katika siku mbili. Huye, kiasi cha kilomita 130 kabla ya Kigali, ina jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1989, zawadi ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Vikapu, ngoma na nyumba ya nyasi iliyojengwa ndani ya jengo huwavutia watoto. Mbele yake ni Nyanza, yenye makao ya mfalme yaliyojengwa upya kwa nyasi na ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Wachungaji huwaimbia ng'ombe hao, na hapo mtoto aliyechoka na gari hupata kitu chenye uhai cha kutazama.

Njia nyingine ya lami hufuata Ziwa Kivu hadi Karongi kisha hupanda kwenda Muhanga. Ina mandhari nzuri, lakini kona zake ni nyingi pia. Ndege kutoka Kamembe huchukua chini ya saa moja. Tangu uwanja wa Kavumu uliposimama mwaka 2025, ndiyo njia fupi ya angani kwa mkazi wa Bukavu, na ni ya kufikiriwa kwa mtoto mgonjwa au mchanga.

Malazi na chakula

Mabasi huishia Nyabugogo, stendi kubwa iliyo bondeni, na usiku si wakati wa kuanza kutafuta chumba huku mtoto amelala begani. Nyumba za wageni na vituo vya mapokezi vya makanisa hufaa familia kuliko hoteli za wafanyabiashara: vina ua, bei yake ni ya wastani, na jikoni hukubali kuchemsha maji au uji. Mambo ya kuulizia kabla ya kulipa ni chandarua, maji ya moto, na kama chumba kinaelekea baa.

Chakula hakileti shida. Mtoto aliyezoea bugali, sombe, ndizi na maharagwe atavikuta vyote. Samaki wadogo wa sambaza hutoka ziwani kwao, na uji wa asubuhi hupatikana kila mtaa. Jambo jipya ni vibanda vya maziwa, ambapo maziwa freshi na ya mgando huuzwa kwa kikombe pamoja na chapati au andazi. Kwa mtoto huo ni mlo kamili wa bei ndogo. Ya mgando yanunuliwe mahali penye friji na wateja wengi. Mikahawa ya nyama choma huchelewesha chakula, mara nyingine kwa saa nzima, hivyo agizo litolewe kabla watoto hawajasikia njaa.

Kutembea mjini

Kigali ni mji wa vilima kama Bukavu, na kigari cha kusukuma mtoto hakina faida kubwa nje ya katikati ya mji. Kikwembe kinafaa zaidi.

Moto ya Kigali hubeba abiria mmoja, naye huvaa kofia ngumu. Desturi ya Bukavu ya kupanda mama, mtoto mbele na mtoto nyuma haikubaliki, na dereva atakataa kwa kuogopa faini. Familia hutumia teksi ya gari au basi la mji. Basi hulipiwa kwa kadi ya kugusa, siyo kwa fedha mkononi. Saa za kwenda na kutoka kazini hazifai kwa watoto.

Lugha haifungi mtu. Kinyarwanda ndicho cha kila siku, Kifaransa na Kiingereza hutumika maofisini, na Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Sokoni, stendi na katika mitaa ya Nyamirambo kinasikika sana. Watoto waliokulia katika Mashi huokota salamu za Kinyarwanda na majina ya vyakula upesi, kwa kuwa lugha hizo mbili ni za jamii moja.

Mahali pa watoto

Sehemu moja asubuhi na mapumziko mchana inatosha kwa siku. Mtoto wa miaka minne hakumbuki orodha ya majumba, hukumbuka alipokimbia.

Nyandungu, bustani ya ardhi oevu iliyofunguliwa mwaka 2022 upande wa barabara ya uwanja wa ndege, ina zaidi ya hektari 120 za vidimbwi, ndege na njia za lami zisizo na magari. Watoto wa kila umri huweza kutembea humo, lakini kando ya maji wasiachwe peke yao. Katikati ya mji, Imbuga ni barabara iliyofungwa kwa magari yenye benchi na nafasi ya kucheza. Biryogo, mtaa wa zamani wa Waislamu na wa wasemaji wa Kiswahili, una njia iliyopakwa rangi ambako meza za chai na chapati zimewekwa barabarani. Mtoto anaweza kuzunguka meza bila kuogopa moto.

Nyumba ya Kandt, aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa Ujerumani nchini Rwanda na mwanzilishi wa Kigali, ni jumba la makumbusho. Watoto huwa na haraka ya kufika kwa nyoka hai wanaofugwa hapo. Wenye hofu wasilazimishwe. Maktaba ya umma ya Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012, hufaa siku ya mvua. Juu ya mlima Kigali, Fazenda Sengha hukodisha farasi na ina michezo ya watoto. Jioni, kuba la ukumbi wa mikutano uliofunguliwa mwaka 2016 huwashwa taa za rangi; linaonekana kutoka vilima vingi, na kulitazama hakulipiwi.

Hifadhi ya Akagera, yenye simba waliorudishwa mwaka 2015, iko mbali upande wa mashariki na inahitaji siku nzima ndani ya gari. Ingoje mpaka mdogo kabisa afikishe miaka sita au saba.

Gisozi

Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, ilipozikwa miili ya zaidi ya watu 250,000, ilifunguliwa mwaka 2004. Ina chumba cha picha za watoto waliouawa, pamoja na maelezo ya namna walivyokufa. Si mahali pa mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Wazazi wanaotaka kuingia wapokezane, mmoja abaki na watoto nje au nyumbani.

Maswali hata hivyo huja, kwa sababu historia hiyo ilivuka Ruzizi: mwaka 1994 wakimbizi walijaa Bukavu, na vita vya 1996 vilianzia Kivu Kusini. Jibu fupi na la kweli humtosha mtoto mdogo: watu wengi waliuawa hapa, na watu huja kuwakumbuka. Baadhi ya watoto wa Bukavu wenyewe wamevuka daraja la Ruzizi wakikimbia. Mtoto wa namna hiyo aambiwe mapema kwamba safari hii ni ya kutembea, na aonyeshwe kwenye kalenda siku ya kurudi nyumbani.

Afya na kurudi

Malaria ipo Kigali kama ilivyo Bukavu, kwa hiyo chandarua kitumike kila usiku. Begi la dawa liwe na kipima joto, dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, paketi za chumvi na sukari za kuharisha, na dawa zozote anazotumia daima. Mtoto anayeharisha na kukataa kunywa, au mwenye homa na mwili ulegevu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Gari la wagonjwa hupigiwa 912 na polisi 112. Kabla ya kutoka asubuhi, namba ya simu inayofanya kazi Rwanda iandikwe kwenye kipande cha kitambaa na kushonwa ndani ya nguo ya mtoto.

Siku ya kurudi, basi la asubuhi na mapema ndilo la kuchagua, kwa kuwa ucheleweshaji mmoja Nyungwe unaweza kuifikisha familia mpakani baada ya kufungwa. Ikitokea hivyo, kulala Kamembe na kuvuka asubuhi ni bora kuliko kumburuta mtoto gizani hadi darajani, na fedha ya chumba hicho cha usiku mmoja ihesabiwe tangu mwanzo katika bajeti ya safari.